Bastola ya raia Malindi na Lamu: kibali, sefu, rivolva au ya magazini, na vita na kutu

Swali la kwanza la wengi huwa "Glock au Ceska?" Kwa mkaaji wa Malindi, Watamu au Lamu, hilo ni swali la mwisho. Kwanza kibali, kisha mahali pa kuihifadhi, kisha ukubwa wa kiganja chako, ndipo jina la bastola. Juu ya yote hayo ipo chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi wote hupita baharini kabla ya kuingia dirishani mwako, na chuma kisichopanguswa huota kutu ndani ya siku chache. Ushauri ulioandikwa na watu wa nchi kavu hauligusi jambo hili, na ndilo linaloamua mengi hapa.

Kabla hujaanza, itazame nyumba. Kama ndani yake mna mtu anayekunywa kupita kiasi, mwenye huzuni nzito iliyomlemea, au ndoa yenye ugomvi wa mara kwa mara, usiilete bastola. Weka taa za nje, grili imara, mlango wa mbao ngumu wenye komeo mbili, na uelewane na majirani. Mwizi wa usiku huja mara chache, lakini hasira za nyumbani hulala humo humo kila siku.

Kibali

Katiba ya Kenya haimpi raia haki ya kumiliki silaha. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inakataza mtu kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha ikiridhika kwamba unayo sababu ya maana na kwamba usalama wa umma hautahatarishwa. Kusema tu "nataka kujilinda" ni hoja nyepesi. Hoja yenye uzito huja na karatasi: leseni ya biashara inayokulazimu kusafirisha pesa taslimu, hati ya shamba la mbali huko Magarini, au ripoti za uvamizi zenye nambari za OB (kitabu cha matukio) kutoka kituo cha polisi. Kila tukio liripoti siku ile ile, maana tukio lisilo na OB ni kama halikutokea.

Anza na cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai: unaomba kupitia eCitizen, unachapisha fomu ya C24, kisha unachukuliwa alama za vidole. Ombi lenyewe hupitia polisi na kamati za usalama, ya kaunti ndogo kisha ya kaunti, kabla ya kufika kwa Bodi Nairobi. Tarajia kuhojiwa ana kwa ana, kupimwa afya ya akili, na kutakiwa kuonyesha kwamba unajua kuishika silaha. Usimlipe muuzaji yeyote kabla kibali hakijatoka. Wako waliolipia bastola mapema wakaambiwa aina ile haikubaliki, na pesa kurudi ikawa kazi.

Cheti huandikwa silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo. Idadi hiyo ni mpaka. Ukiruhusiwa 50 ukakutwa na 63, zile 13 ni kosa, hata kama bastola ni halali. Weka daftari: tarehe, risasi zilizonunuliwa, zilizopigwa uwanjani, zilizobaki. Cheti huhuishwa kila mwaka, nawe andika ukumbusho miezi miwili kabla. Desemba 2018 serikali iliamuru wamiliki wote raia wahakikiwe upya ndani ya siku 90, na waliokuwa na karatasi zilizolala ndio waliohangaika zaidi.

Kwa mtu wa Lamu kuna la ziada. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 na operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza 2015, barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe ina vizuizi vya askari. Ukisimamishwa, zima gari, washa taa ya ndani ikiwa ni usiku, weka mikono yote miwili juu ya usukani, kisha sema kabla hujaulizwa: "Afande, nina bastola yenye kibali, iko kiunoni upande wa kulia, cheti kiko mfuko wa shati. Unaniagiza nifanyeje?" Usiinyooshee mkono kumwonyesha, ngoja aelekeze yeye.

Sefu kabla ya bastola

Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vitu, ukutani, na mkono wa mtu huvutwa kuweka kitu cha thamani pale. Kidaka si mahali pa bastola, wala juu ya kabati, wala chini ya godoro, wala ndani ya kasha la nguo. Mtoto wa miaka minne hupanda kiti, na wa miaka saba anajua ufunguo unakofichwa kuliko unavyodhani. Bastola iko mwilini mwako au imo ndani ya sefu iliyofungwa. Hali ya tatu haipo.

Sefu ndogo ya kilo 10 au 15 huchukuliwa yote mzima na mwizi, kwa hiyo lazima ifungwe kwa bolti, na hapa ukuta wa matumbawe unadanganya. Jiwe la matumbawe ni laini na lina vinyweleo, na chokaa iliyoyaunganisha humung'unyuka. Bolti ya kutanuka ukiikaza hupasua jiwe pembeni, kisha baada ya miezi hulegea na kutoka kwa mkono. Njia iliyo imara ni sakafu ya zege: toboa mashimo manne, weka bolti za milimita 12 zilizozama angalau sentimita 8. Kama sakafu ni ya kale, ya boriti na chokaa, mwite fundi amimine jiwe la zege lenye nondo kwenye pembe ya chumba cha chini, ulifunge sefu humo. Ukilazimika kutumia ukuta wa matumbawe, tumia gundi maalumu ya kushikia nondo na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija wake.

Usiiweke kwenye ukuta unaopakana na bafu au kisima. Kuta hizo hunyonya unyevu na kuupandisha, na ukiona chokaa inachanua unga mweupe, hiyo ni chumvi inayotoka. Chini ya sefu tandika kipande cha mpira, na ndani yake weka silika jeli (punje za kunyonya unyevu) gramu 150 hadi 200, ile inayobadilika rangi ikishiba maji. Wakati wa masika itashiba haraka, huenda kila wiki mbili. Ianike kwenye oveni ya joto la nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kisha irudishe. Ile sanduku ya plastiki yenye sponji ndani, ambayo bastola huuzwa nayo, ni ya safari tu, kwa kuwa sponji hushika unyevu na kuukumbatia chuma. Hali kadhalika ala ya ngozi: dawa zilizotumika kulainishia ngozi hula shaba ya risasi na kuacha ukoga wa kijani.

Kwa sefu ya tarakimu, badilisha betri kila miezi sita hata kama bado zina nguvu, na zipanguse ncha zake, kwa sababu hewa ya chumvi huzitia ukungu. Ufunguo wa akiba usikae nyumba hiyo hiyo.

Aina mbili, na zinavyofanya kazi

Rivolva ina silinda yenye vyumba 5 au 6. Ukivuta kifyatulio, silinda huzunguka, nyundo hurudi nyuma kisha huangukia risasi iliyo mbele yake. Risasi ikikataa, unavuta tena na nyingine inakuja. Haihitaji magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) wala kukoki (kuvuta kipande cha juu nyuma ili risasi iingie). Mfano wa kale unaojulikana duniani ni Smith & Wesson Model 10, ambao asili yake ni 1899, unaotumia risasi za .38 Special.

Bastola ya magazini hutumia nguvu ya risasi yenyewe kuirudisha slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) nyuma, kulitupa ganda, na kuingiza risasi nyingine chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu. Glock 17 ya mwaka 1982 hubeba risasi 17 za milimita 9, na ndugu yake mdogo Glock 19 hubeba 15. Ceska inayotajwa sana magazetini kwetu, CZ 75, ilitoka 1975. Hiyo ni ya chuma kitupu na ina uzito wa karibu kilo moja, wakati Glock 19 bila risasi ni kama gramu 600 tu kwa sababu kiunzi chake, sehemu ya chini yenye mpini, ni plastiki ngumu.

Mara nyingi utaambiwa: "Chukua rivolva, ni rahisi, haikwami." Maneno haya ni nusu ya kweli. Ni kweli kwamba haina mambo mengi ya kukumbuka, na kwamba mtu aliyeshtuka usingizini hana magazini ya kusahau kuisukuma hadi mwisho. Lakini kifyatulio chake ni kizito, kilo 4.5 hadi 5.5 kwa kila risasi, wakati cha Glock ni kama kilo 2.5. Kidole kikishindwa, mkono hutetemeka na risasi hupotea. Mzee mwenye baridi yabisi anayenunuliwa rivolva "kwa sababu ni rahisi" mara nyingi hupewa silaha asiyoweza kuitumia. Ile ndogo ya risasi 5 na mtutu wa sentimita 5, yenye gramu 400 hivi, hurusha mkono vibaya zaidi ya zote. Ni silaha ya mtu aliyebobea, ingawa huuzwa kama ya mwanzo.

Lakini kwa pwani hoja kubwa ni nyingine. Mitambo ya rivolva imefungiwa ndani, nyuma ya bamba lenye skrubu ndogo. Jasho na hewa ya chumvi huingia humo kupitia nafasi ya nyundo na kifyatulio, na mwenyewe hawezi kuona. Kulifungua bamba ni kazi ya fundi, tena ukiligongesha vibaya hupinda. Bastola ya magazini ya kisasa hufunguka nyumbani bila kifaa chochote ikawa vipande vinne: kiunzi, slaidi, mtutu na springi. Unakausha kila kimoja, unapaka mafuta, unarudisha, dakika kumi zimetosha. Hapa petu, chagua silaha unayoweza kuifungua na kuikausha kwa mikono yako. Kwa wengi wa Malindi na Lamu, hiyo ni bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati, yenye kiunzi cha plastiki na slaidi iliyogumishwa uso kwa naitraidi (dawa ya naitrojeni). Ukipenda rivolva kwa moyo wote, basi iwe ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wa sentimita 10, na uipeleke kwa fundi mwenye leseni ifunguliwe mara moja kwa mwaka. Kumbuka pia kwamba hicho "chuma kisichoshika kutu" hushika, ila polepole. Rangi ya samawati-nyeusi ya bastola za kizamani ndiyo dhaifu kuliko zote: alama ya kidole chenye jasho huacha kutu kufikia asubuhi.

Kuipima mkononi

Dukani, mwombe muuzaji aifungue na akuonyeshe chemba tupu, kisha itazame mwenyewe. Ishike ili mfupa wa mkono wa mbele na mtutu viwe mstari mmoja, gumba na shahada vikikumbatia juu kabisa ya mpini. Sasa weka kidole. Kifyatulio kikae katikati ya pedi ya kidole cha shahada. Kikifika kwenye kiungo, mpini ni mwembamba kwako; kikiguswa na ncha tu, ni mnene, nawe utaivuta bastola pembeni kila mara. Aina kadhaa za kisasa huja na migongo ya mpini ya kubadilisha, basi iulizie kabla hujakata tamaa.

Kwa idhini ya muuzaji, elekeza mahali salama na uvute kifyatulio mara kumi polepole, ukitazama kilenga shabaha cha mbele. Kikicheza zaidi ya mara mbili, kifyatulio hicho ni kizito kwako leo. Kisha jaribu slaidi. Wanaoshindwa huwa wanaivuta kwa vidole viwili. Ibane kwa kiganja kizima, ilete karibu na kifua, usukume mpini mbele huku slaidi ukiishikilia. Kina mama wengi wanaoambiwa hawana nguvu huiweza mara ya tatu.

Mavazi nayo yaangalie. Kanzu haina mshipi, na bastola mfukoni mwa kanzu ni hatari tupu: huning'inia, hugeuka, na funguo huingia kwenye kifyatulio. Ukivaa kanzu na bado unahitaji kuibeba, vaa mshipi mgumu juu ya suruali ya ndani pamoja na ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote. Siku ya Ijumaa, ukienda msikitini, ifungie nyumbani. Ukisujudu itaonekana, na kuiacha ndani ya gari ni kumwachia mwizi.

Kutu: utaratibu wa kila wiki

Elekeza mtutu upande salama. Toa magazini kwanza, ndipo ukoki mara tatu, kisha angalia chemba kwa macho na uipapase kwa kidole kidogo. Mpangilio huu usiupindue: ukikoki kabla ya kutoa magazini, unaingiza risasi nyingine chemba huku ukidhani umeitoa. Kwenye Glock ni muhimu zaidi, kwa kuwa lazima uvute kifyatulio ndipo slaidi itoke, na ajali nyingi za kusafisha hutokea hapo. Risasi zote zibaki chumba kingine.

Ifungue, pangusa jasho na vumbi kwa kitambaa cha pamba. Pitisha brashi ya shaba ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba, mara sita hadi kumi, kisha vitambaa mpaka kimoja kitoke safi. Mafuta ya bunduki ni matone machache, moja kwenye kila njia ya slaidi, moja juu ya mtutu unapogusana na slaidi, na utando mwembamba nje. Yakizidi hunasa mchanga wa Shela na kuwa msasa. Dawa za kupuliza za kulegeza skrubu zisitumike kama mafuta, kwani hukauka, na zikiingia kwenye kiberiti cha risasi (kile kitako kinachowasha baruti) huweza kuiharibu. Usisahau ganda la magazini, skrubu za vilenga na pini, maana kutu huanzia huko. Springi ya slaidi ibadilishwe kila risasi 3,000 hadi 5,000.

Kwenye rivolva, safisha chini ya ile nyota inayotoa maganda. Punje chache za baruti zikikaa hapo silinda haifungi vizuri, na kifyatulio hugoma. Ndiyo maana maganda hutolewa mtutu ukielekea juu, ili punje zianguke chini badala ya kuingia humo. Vidole visikae kamwe pembeni mwa mwanya kati ya silinda na mtutu, kwa kuwa moto hutoka hapo.

Ukivuka na boti kutoka Mokowe kwenda Amu (Lamu mjini), rashasha za bahari zinatosha. Ifungue siku ile ile, usingoje wiki iishe.

Uwanjani na yanayoharibika

Lenga shabaha katika uwanja unaotambuliwa pekee. Kupiga risasi ufuoni au shambani ni kuvunja sheria na kuua usiyemwona. Anza mita 3, kisha 5, kisha 7. Lengo la miezi mitatu ya mwanzo: risasi 10 ndani ya duara la sentimita 15 kwa mita 7, bila haraka. Risasi 50 kwa mwezi kwa umakini hushinda 200 kwa mwaka siku moja.

Ganda likisimama wima kwenye slaidi, sababu kuu ni kifundo cha mkono kulegea. Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi kwa nguvu, endelea. Risasi mbili zikibanana, toa magazini kwa kuivuta, koki mara tatu, weka tena. Ukivuta ikasema "tik" bila mlio, shikilia mtutu upande salama sekunde 30 kabla ya kuitoa risasi hiyo, inaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida na mkono haukurushwa, simama papo hapo: huenda risasi imenasa ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua mbele ya uso wako. Magazini kuachwa imejaa hakuidhoofishi springi, kinachoichosha ni kujazwa na kutolewa mara nyingi.

Ndani ya nyumba, jua kilicho nyuma ya shabaha. Risasi ya milimita 9 hupenya ukuta wa fito na udongo, mlango wa mbao na mabati kama si kitu, na Lamu mjini nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua kujilinda, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Anayekimbia na televisheni yako hakutishii uhai.

Kwa ndege kutoka Malindi au Manda, piga simu kwa shirika siku moja kabla, tangaza silaha kaunta, risasi ziwe kwenye pakiti yake mbali na bastola, na zisizidi kilo 5. Bastola ikipotea au kuibwa, ripoti polisi saa hiyo hiyo, ukiwa na nambari yake ya utambulisho uliyoiandika mahali pengine nje ya sefu.

Na mwenye cheti akifariki, warithi hawawezi kukaa na bastola kwa cheti chake. Cheti ni cha mtu mmoja, hakirithiwi na mke wala mtoto. Mweleze mtu mmoja unayemwamini nyumbani kwamba sefu ipo na ina nini, na kwamba siku hiyo asiifungue wala asimpe shemeji aitunze: awaite polisi, wao waitoe, naye adai hati ya kuikabidhi yenye nambari ya OB.